Mota ya 13.5 na pinioni ya meno 25: uzoefu wangu kwenye mbio za bagi za ndani

Nianze na nilikoishia, mwenye haraka asisumbuke. Bagi yangu, gari dogo la rimoti la kipimo cha 1/10, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, sasa ina mota ya mizunguko 13.5, spa (gia kubwa inayoingia kwenye giaboksi) ya meno 72 na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota inayoizungusha spa) ya meno 25. Betri ni lipo (ya lithiamu-polima) ya seli mbili. Nimeshindana nayo ukumbini, juu ya zulia, miezi mitano sasa, na mota sijaifungua zaidi ya kuipuliza vumbi. Kabla ya hapo nilipitia mota mbili: moja ilinizidi nguvu, nyingine niliipika mwenyewe.

Kwa mgeni wa mambo haya, namba ya mota inahusu jinsi waya ulivyosukwa ndani yake. Mizunguko ya waya ikiwa michache mota huwa kali na hula umeme mwingi. Ikiwa mingi, mota ni mpole. Kwa betri ileile, 6.5 inazunguka zaidi ya mara mbili ya 17.5. Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge.

Mimi nilianza na 6.5. Sina sababu ya maana ya kutoa, ilikuwa tamaa tu. Nje, kwenye uwanja mpana, ilikuwa raha tupu. Ndani, kipande kirefu kuliko vyote kilichonyooka hakifiki mita 20, na baada ya hapo kuna kona ya kurudi ulikotoka. Gari lilikuwa linanyanyua pua kila nikigusa triga ya mwendo kwenye rimoti. Na zulia si udongo: linashika tairi kiasi kwamba ukiingia kona na kasi iliyozidi kidogo gari halitelezi, linabiringika. Jioni moja nilipiga raundi ya kasi kuliko wote kwenye kundi letu, halafu nikamaliza wa mwisho. Katika dakika tano zile nadhani gari lilikaa kifudifudi karibu dakika nzima. Mzee mmoja ambaye huwa haongei sana alikuwa zamu ya kuokota magari, na aliponiokota mara ya nne akasema, "Mwanangu, hilo gari ndilo linakuendesha wewe." Nilicheka, lakini iliniuma.

Nikajaribu kuifuga. Nilipunguza nguvu kwenye kidhibiti cha mwendo, nikaweka spa ya 81 na pinioni ya 20. Ilitulia, ila kidole changu kikawa hakivuki nusu ya triga. Nimenunua nguvu, kisha nahangaika usiku kucha kuificha. Niliitoa. Haina ubovu wowote, na rafiki yangu anaitumia kwenye bagi ya magurudumu manne na inamfaa sana, kwa sababu kule nguvu inagawanywa mbele na nyuma.

Mota ya pili ilikuwa 17.5. Hapa nina malalamiko. Karatasi iliyokuja nayo ilipendekeza uwiano wa gia bila kusema ni kwa gari la aina gani, nami nikaufuata kama maandiko. Hesabu yenyewe si ngumu: meno ya spa gawanya kwa meno ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa ndani wa giaboksi. Kwenye bagi yangu uwiano huo wa ndani ni 2.6. Nikafunga pinioni ya 33: 72 kwa 33, mara 2.6, ni 5.67. Kumbuka namba hii ikishuka spidi ya mwisho inapanda, na mzigo juu ya mota unapanda nayo.

Dakika mbili za kwanza nilijiona bingwa. Ya tatu, gari likaanza kuchelewa kutoka kwenye kona. Ya nne nikasikia harufu, ile ya vanishi ya waya ambayo aliyewahi kukaa karibu na fundi wa kusuka mota anaijua. Kipimajoto kilisoma nyuzi 96.

Sababu yake nimeielewa baadaye. Pinioni kubwa mno inamnyima mota nafasi ya kufikia mwendo wake, na mota inayohangaika chini ya mzigo inavuta ampia nyingi ambazo zinageuka joto badala ya mwendo. Joto nalo linachosha sumaku ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota. Na sumaku iliyochoka ina tabia ya kudanganya: ukiizungusha mota mezani bila mzigo, inakimbia hata zaidi ya zamani, unadhani iko salama. Ukiirudisha kwenye gari haina nguvu ya kuinuka, na inapata moto upesi kuliko mwanzo. Yangu ilifanya hivyohivyo. Lawama nagawana na ile karatasi, maana kipimajoto kilikuwa mfukoni siku nzima.

13.5 niliinunua nikiwa nimeshika adabu. Safari hii niliazima kopo zima la pinioni, nikajipa siku ya mazoezi isiyo na mashindano. Utaratibu: betri imejaa, dakika tano za kuendesha kama mbio, gari likisimama tu napima joto la mota, naandika.

Pinioni ya 24, uwiano 7.8: nyuzi 52. Gari linatoka kwenye kona kama limerushwa, lakini katikati ya kipande kilichonyooka mota imekwisha, inalia sauti moja tu. Nikaruka hadi 27, uwiano 6.93: nyuzi 78. Kwenye kunyooka safi, ila kwenye zile kona mbili zinazofuatana upesi gari linavuta kama limebeba mizigo. 26 ikatoa nyuzi 70, na 25 ikatoa 63. Sipendi mota yangu ivuke 70, kwa hiyo 26 ilikuwa mpakani. Ndiyo iliyonipa raundi moja bora kuliko zote, kwa tofauti ya kupepesa jicho. Lakini kwa jumla ya dakika tano, 25 ilinipa raundi nzima ya ziada. Nadhani ni kwa sababu sikulazimika kuipigania.

Kuna njia nyingine ya kupima ambayo sasa naiamini karibu sawa na kipimajoto. Mwombe mtu asimame mwisho wa kipande kilichonyooka afunge macho asikilize. Mlio wa mota ukifika kileleni mapema na kubaki hapo, pinioni ni ndogo. Ukiwa bado unapanda wakati unafunga breki, pinioni ni kubwa. Unatakiwa ufike juu pale tu unapoachia triga. Binti yangu ana miaka tisa na hakosei.

Sasa jambo lililonipotezea jioni nzima. Wiki moja baadaye, pinioni ni ileile ya 25, joto likaruka hadi 74. Nikaanza kuilaumu mota, nikalaumu betri, nikapunguza taimingi (pembe inayoamua umeme uingie mapema kiasi gani kwenye waya za mota). Kumbe nilipoirudisha mota baada ya kusafisha niliibana karibu mno na spa, meno yanaumana. Ukizungusha gurudumu kwa kidole unahisi mikwaruzo midogo, kama mchanga. Dawa ni karatasi: kata utepe wa karatasi ya daftari, uupitishe kati ya pinioni na spa, sukuma mota hadi meno yaubane, kaza skrubu, kisha zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa lakini haijachanika, umepata. Halafu zungusha spa nzima polepole ukitafuta sehemu inayokaza, kwa sababu spa za plastiki hazina uduara kamili, na nafasi ipimwe pale panapobana zaidi. Nilipofanya hivyo joto likarudi 62.

Na usichanganye ukubwa wa meno. Pinioni ya pichi 48 na ya 64 mkononi zinafanana kama ndugu, ila ukiziweka pamoja spa yako inakuwa unga kabla ya raundi ya tatu. Nimeona. (Si mimi, safari hii.)

Tairi nazo ni gia, ingawa wachache wanazihesabu. Tairi zangu za nyuma zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 83 hivi. Kwa uwiano wa 7.49 mota ikizunguka mara moja gari linasogea karibu milimita 35. Zikiliwa milimita mbili za kipenyo unapoteza zaidi ya asilimia mbili ya mwendo ule, yaani zaidi ya nusu ya thamani ya jino moja la pinioni. Aliyelalamika kwamba mota imechoka wakati tairi zimekuwa na upara, mmoja wao ni mimi.

Taimingi ya kwenye kifuniko cha mota niliiacha katikati. Kuiongeza kunaongeza mzunguko na joto pamoja, na kwenye ukumbi mdogo sioni faida. Kidhibiti changu nimekizimia nyongeza zote za kielektroniki, nimepunguza kidogo mshtuko wa mwanzo wa triga, basi. Kebo ya sensa angalia isibanwe na kifuniko cha gari. Ikikatika mota inatetemeka ikianza na utadhani imekufa.

Kasoro ya 13.5 ipo, na ni kubwa kwa baadhi yenu. Mara nyingi kanuni za madaraja ya mota zilizodhibitiwa huweka 17.5 kwa bagi za magurudumu mawili, na 13.5 kwa za magurudumu manne. Mimi nakimbia daraja huria, ninapokutana na vijana wenye 7.5 na 8.5, na kwenye kunyooka wananipita bila hata kusalimia. Kama klabu yako inashikilia 17.5, nunua hiyo, anza na pinioni ya 29 badala ya 33 yangu ya kijinga, kisha panda jino moja moja ukipima joto. Na kama mkono wako ni mzuri kuliko wangu, 8.5 itakufaa kuliko hii.

Jumamosi wanapanga upya mabomba ya pembeni mwa njia ukumbini, na kipande cha kunyooka kitarefuka mita tatu. Pinioni ya 26 nimeshaisafisha, iko kwenye kisanduku pamoja na utepe wa karatasi.