Darubini yangu, skurubu moja, na aibu niliyopata Mji wa Kale

Naanza na duka maana hasira bado ziko kooni. Jina silitaji. Liko mjini, wanauza kamera, saa na vikorokoro vya simu, na darubini wamezipanga dirishani kama mapambo. Nilinunua moja Ramadhani ikielekea ukingoni. Yule kijana alikuwa na adabu zake zote mpaka pesa ilipoingia.

Ugonjwa wa darubini hii ni skurubu. Moja tu, ile inayoshika bomba juu ya miguu mitatu. Ukiikaza inazunguka, ukizidi kuikaza inazunguka vile vile, meno yamelika kana kwamba ilishafanya kazi kwa mtu mwengine kabla yangu. Bomba linatulia kidogo, halafu linaanza kuinama polepole kama mzee aliyepitiwa na usingizi katikati ya hotuba ya Ijumaa. Na huko juu hakuna anayekusubiri. Kwa kuwa dunia inazunguka, sayari inateleza na kutoka kwenye kioo baada ya muda mfupi, hata kama darubini yako imesimama imara, ikabidi uifuate. Mimi nilikuwa nafukuza viwili kwa wakati mmoja: sayari yaenda magharibi, bomba laenda chini.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Nyumba yetu ina sakafu ya juu, pale panapoanikwa nguo. Siku chache baada ya Idi, mwezi ulikuwa bado mwembamba na umeshazama, nikapanda. Nikaipata Mshtarii, ile sayari wengine waiita Jupita. Kaduara keupe kenye unjano kwa mbali, na pembeni vidoa vya mwanga vimejipanga mstari mmoja kama shanga. Hiyo ndiyo miezi yake minne mikubwa, lakini nilihesabu mitatu. Nikatafuta wa nne mpaka jicho likatoa machozi. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba hata Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610, alianza kwa kuona vitatu, cha nne akakiona siku kadhaa baadaye. Mmoja ukipita mbele ya sayari au ukijificha nyuma yake, humwoni tena. Nilicheka peke yangu gizani kama mwehu.

Kumbe siko peke yangu. Sakafu ya jirani, mama mmoja mtu mzima alikuwa akianua nguo.

"Wee mwanangu, hicho kijibomba chako chatazama wapi?"

"Shikamoo mama. Namtazama Mshtarii."

"Mshtarii ndiye nani? Binti wa nani?"

Nikaona bora aje ajionee mwenyewe. Akaja, leso kajitanda, tochi ya simu mkononi. Nikamwomba aizime, nikamwekea bomba sawa, nikamwambia atazame bila kushika. Akainama. Na skurubu nayo ikainama naye. Nilipogeuka, bomba lilikuwa limeshuka mpaka ghorofa ya pili ya nyumba ya mbele, kwenye dirisha lililowashwa taa. Kwa umbali ule, na kioo kimewekwa kwa ajili ya mbinguni, hakuonekani uso wala mkono, ni ukungu wa manjano tu na kivuli kinapita. Lakini hayo mweleze nani? Mama aliinua kichwa, akafuata kwa macho lilikoelekea bomba, akanirudia.

"Ndiye huyo Mshtarii wako?"

Asubuhi, kabla sijamaliza mahamri na mbaazi, habari zilikuwa zishafika msikitini.

Nikarudi dukani. Sikutaka pesa yangu, nilitaka skurubu. Yule kijana akamwita mwenzake aje acheke pia. "Bosi, skurubu haina gwaranti. Kwani huko juu watafuta nini, majini? Majini si tunao hapa hapa?" Kisha akamgeukia mteja mwengine: "Haya mambo waachiwe Wazungu."

Hapo ndipo aliponichoma. Wazungu gani, yakhe? Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kupima anga kwa miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani, sawa, lakini iliitwa Uhuru, na bahari ni hii hii yetu. Na majina ya sayari, Mshtarii, Zohali, Zuhura, Mirihi, tulikuwa nayo kabla duka lake halijajengwa.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba swali lake silikatai. Darubini nilinunua kwa sababu hiyo hiyo, kutaka kujua kama kuna viumbe wengine huko juu. Nilianza na mawazo ya visahani vinavyoruka na watu wenye vichwa vikubwa. Sasa mwezi mmoja wa Mshtarii, Europa, ndio unaoninyima usingizi: juu barafu tupu, chini yake wataalamu wanaamini kuna bahari ya chumvi yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Marekani walirusha chombo Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030, nacho hakiendi kutafuta samaki, kinaenda kupima kama mahali penyewe panaweza kukaliwa na kiumbe. Mimi ningetosheka na ukoga tu, kama ule wa ndani ya mtungi. Huenda doa moja kati ya yale matatu lilikuwa ndilo, na sikujua ni lipi.

Kwa hiyo msinunue. Au nunueni, lakini si pale. Au hata pale, basi, maana vioo vyenyewe havina kosa, na wiki iliyofuata fundi baiskeli alinitilia skurubu yake na kipande cha tyubu kwa shilingi thelathini, bomba sasa halitingishiki hata upepo ukivuma. Kwa alama za nyota, duka nalipatia sifuri. Darubini, jana ningeipa sifuri pia, leo sijui, labda nne.

Jana jioni mlango ukagongwa. Mjukuu wa yule mama.

"Bibi auliza, Mshtarii leo atatoka?"

Nikachungulia nje. Masika yameshaanza, mawingu yametanda mpaka Likoni. Nikamwambia amwambie bibi labda kesho.