Darasa la hatimkato Soweto, Mbeya: linafaa, ila notsi zake!

Ukiomba kazi ya uhazili serikalini, sharti lile unalijua: hatimkato (kunakili maneno ya msemaji haraka kwa alama fupi) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Mimi niliganda kwenye 80. Mwenzangu wa ofisini akanielekeza kwa mama mmoja mstaafu anayefundisha nyumbani kwake Soweto, shilingi 40,000 kwa mwezi.

Mfumo ni wa Pitman, ule ambao Isaac Pitman aliutoa Uingereza mwaka 1837. Unaandika sauti. Kamstari kembamba ka mshazari ni P, ukikakoleza ni B. T na D vivyo hivyo, ila hizo husimama wima. Kwa hiyo pata na bata zinatofautiana kwa uzito wa mkono tu. Nilipotoa kalamu ya Bic, mama akaisogeza pembeni: "Hii haijui wembamba wala unene, mwanangu." Akanipa penseli laini.

Mbio zikianza, huna nafasi ya kuweka vitone vya irabu. Unategemea umbo limekaa wapi: juu ya mstari, kwenye mstari, au limeukata. Paka na pika ni umbo lilelile. Ukizembea, barua itasema mpishi anapaka wali. Chuoni nililikariri hilo. Kwa mama limeniingia, kwa sababu baada ya imla haturuhusiwi kuchapa papo hapo, wakati maneno bado yako kichwani. Anakusanya madaftari, anayafungia kabatini, wiki inayofuata ndipo unasoma ulichoandika mbele ya wenzako. Jasho linakutoka! Hakuna mwalimu wangu mwingine aliyewahi kufanya hivyo, na ndicho ninachomlipia.

Imla zake ni mihtasari ya vikao na barua za mbolea ya ruzuku, macho kwenye saa ya mkononi. Mashine ya kusaga ya jirani ikiunguruma, hapunguzi mwendo.

Notsi sasa. Ni fotokopi ya fotokopi, mistari minene na myembamba imefanana yote. Somo jingine ungevumilia, hili haiwezekani. Mwombe nakala yake halisi uipige picha kwa simu. Imla za Kiingereza nazo ni chache mno kwa anayejiandaa na mtihani.

Wanaoanza kabisa anawapokea Januari na Julai. Wa Julai mje na sweta, chumba hakina dari.