Rivyu ya chupa za bia: brauni, kijani, nyeupe na kopo, ipi inaitunza bia na ipi inaiuza tu

Wadau leo siongelei bia gani tamu, kila mtu ana yake. Naongelea chupa. Bia ileile, kiwanda kilekile, imepikwa siku moja, inaweza ikamfikia mnywaji mmoja iko freshi na mwingine ikamfikia inanuka, na kilichofanya tofauti ni rangi ya kioo na mwanga ulioipata huko njiani basi. Watu wakikutana na ile harufu wanasema imechacha, wengine wanasema feki hii, wengine wanamgeukia mhudumu et aliitoa kwenye friji ikapoa afu akairudisha. Mara nyingi sana sio hayo, ni mwanga.

Harufu yenyewe unaijua hata kama hujawahi kujua inatoka wapi. Unafungua kizibo, kabla hujameza tayari ipo puani, ya salfa salfa hivi, kali. Wamarekani wanasema ni ya skunk, yule mnyama wao anayejihami kwa kunuka, na mtu aliyewahi kupita karibu na kicheche aliyeudhiwa ataelewa wanasema nini. Na sio kwamba wanatia chumvi, kinachonuka kwenye bia na kinachonuka kwa yule mnyama ni kemikali za familia moja.

Sasa inatokeaje, hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye utamu. Uchungu wa bia unatoka kwenye maua ya hopsi, yakichemshwa pamoja na maji ya kimea asidi zake zinabadilika umbo zinakuwa kitu kinaitwa asidi za iso-alfa, na hizo ndo unazozisikia nyuma ya ulimi. Ndani ya bia hiyohiyo kuna riboflavini, ndio ileile vitamini B2, na riboflavini ina tabia moja, inanyonya mwanga wa bluu na wa urujuani balaa, ikishashiba inaisukuma ile nguvu kwa asidi za iso-alfa, zinakatika, kipande kinachokatika kinadaka salfa ambayo nayo imo humohumo kwenye bia, na hapo ndo inazaliwa MBT. Kirefu chake ni 3-methyl-2-butene-1-thiol, usihangaike kukikariri. Cha kujua ni kwamba pua ya binadamu inaikamata ikiwa nanogramu chache tu kwenye lita nzima, na nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni. Yaani haihitaji kuwa nyingi kukuharibia jioni.

Na hii sio habari ya juzi. Carl Lintner, Mjerumani, aliandika kuhusu mwanga na hio harufu mwaka 1875, miaka ya 1960 Wajapani akina Kuroiwa wakaielezea kemia yake, afu 2001 wanakemia wawili, Malcolm Forbes wa North Carolina kule Marekani na Denis De Keukeleire wa Ghent kule Ubelgiji wakaionyesha hatua kwa hatua ile molekuli inavyovunjika. Kwa hio viwanda vinajua. Vinajua kitambo sana, na bado tunauziwa chupa za kijani na nyeupe, hilo ndo linalonikera mimi.

Haya tuje kwenye chupa zenyewe. Mwanga unaoumiza bia ni kama wa kuanzia nanomita 350 mpaka 500 hivi (nanomita ndo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), yaani kutoka ule usioonekana kwa macho mpaka bluu inayokaribia kijani, kwa hio swali kwa kila kioo ni moja tu, unazuia hapo au unaachia?

Brauni inazuia. Ule udongo udongo wake unatokana na chuma, salfa na kaboni zinazotiwa wakati wa kuyeyusha kioo, na mchanganyiko huo unakula karibu mwanga wote wa bluu kabla haujaigusa bia. Haina mbwembwe, ukiiweka mezani haipendezi kwenye picha, lakini kazi inafanya. Sio ngao kamili lakini, ukiiacha juani mchana kutwa na yenyewe itakubali tu, maana kidogo kinachopenya kikipenya muda mrefu kinatosha. Mimi naipa 8 kwa 10 na hizo 2 nimezikata kwa sababu watu wanaiamini kupita kiasi, unakuta kreti iko nje ya duka jua la utosi et si brauni bwana haina shida. Ina shida.

Kijani ndo tapeli mwenyewe. Watu wengi wana imani kwamba chupa ya kijani ni daraja la juu, bia ya kutoka nje, ya watu wa maana, na sishangai maana Heineken, Carlsberg, Beck's, Stella Artois, Grolsch zote zimejengewa jina kwenye kijani. Sasa kijani kinaonekana kijani kwa sababu gani, kwa sababu kinaachia kijani kipite na sehemu kubwa tu ya bluu ya jirani yake, yaani palepale ambapo bia inaumia. Kinazuia zaidi kidogo kuliko nyeupe, sawa, ila tofauti na brauni ni mbali mno. Na laga hizi nyepesi hazina pa kujifichia, stauti nzito yenye ladha ya kuungua inaweza ikaifunika harufu kidogo lakini laga ikipata MBT unaisikia mara moja. Nimeshakutana na watu wanaodhani ile harufu ndo ladha halisi ya bia ya nje, wakipewa hiyohiyo kwenye kopo wanalalamika haijakolea! Wamezoea bia iliyoharibika. 4 kwa 10, na hizo 4 ni kama imekuja kwenye boksi lililozibwa.

Nyeupe, hii ya kuona mpaka ndani, ningeipa sifuri moja kwa moja ila kuna ujanja fulani lazima niuheshimu. Kioo cheupe kinaachia karibu kila kitu, weka bia ya kawaida humo uianike juani na dakika chache tu zinatosha, sio masaa, dakika. Lakini Miller High Life, bia ya Marekani ambayo ilitoka mwaka 1903, imekaa kwenye chupa nyeupe miaka yote hiyo na hainuki hivo, kwa nini? Kwa sababu baadae wakaanza kutumia hopsi zilizochakatwa, zile asidi za iso-alfa zinaongezwa haidrojeni mahali palepale zinapokatikia, mwanga ukija haukuti pa kukata. Na ukipita na aina moja ya hizo asidi unapata na povu linalokaa zaidi juu ya glasi, bonasi hio. Masharti yake lakini ni magumu, haitakiwi kuingia hata hopsi kidogo ya kawaida, hata hamira iliyotumika kwenye bia nyingine inaweza kubeba uchungu wa kawaida ukaharibu mpango mzima. Kwa hio chupa nyeupe yenye hopsi za namna hio mi sina ugomvi nayo. Chupa nyeupe yenye hopsi za kawaida iliyopangwa dirishani kwa ajili ya kupendeza, hapana, hio 1 kwa 10 na hio moja ni ya kioo. Kile kipande cha limau wanachokusokomezea mdomoni mwa chupa nacho kinafunika harufu vizuri sana, mtanisamehe nikiwa na mashaka nacho.

Halafu wenye mvinyo msicheke, yanawahusu. Champagne ya Cristal ya Louis Roederer iko kwenye kioo cheupe na inauzwa imezungushiwa selofani ya rangi ya dhahabu, sio urembo ule, ni kuzuia mwanga. Na maziwa pia yanapata ladha mbaya yakikaa kwenye mwanga, riboflavini tena.

Kopo 10 kwa 10, sina la kusema sana. Mwanga haupiti kwenye bati, haujawahi kupita tangu bia ya kopo ya kwanza iuzwe Richmond, Virginia, Januari 24, 1935. Wanaosema kopo linaleta ladha ya chuma wamimine kwenye glasi waone, ndani ya kopo kuna utando unaotenganisha bia na bati.

Kuhusu ile hadithi ya friji. Bia kupoa, kupata joto, kupoa tena haileti hii harufu kabisa. Joto lina ubaya wake mwingine, linaiharakisha bia kuzeeka, inaanza kuwa na ladha ya karatasi iliyoloa, ni ugonjwa tofauti. Ila hilohilo friji linaweza likawa na kosa kwa njia nyingine, yale yenye mlango wa kioo na taa nyeupe inayowaka usiku na mchana. Tyubu zinatoa bluu na hizi LED nyeupe pia zina bluu ya kutosha karibu na nanomita 450, sio kali kama jua lakini chupa ya kijani ikikaa mbele pale wiki nzima inapigwa taratibu tu. Mimi nikinunua kijani naingiza mkono mpaka nyuma kabisa, au naomba ya kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, muuzaji akininunia anune.

Asiyeamini ajaribu mwenyewe, ni rahisi. Chupa mbili za kijani za bia moja, moja ifunge foili yote, zote weka juani mpaka mchana uishe, afu zipoze pamoja na umwambie mtu mwingine akumiminie bila kukuambia ipi ni ipi. Hutahitaji kuonja, nusa tu.

Kingine ambacho watu wanasahau, ukishamimina kwenye glasi kinga yote imeisha, iwe ilitoka brauni, kopo au pipa. Umekaa nje, jua linapiga meza, glasi ni kioo cheupe na bia ina hopsi za kawaida, saa imeshaanza kuhesabu. Sogeza kiti kivulini au punguza stori unywe.