Kilainishi gani ununue kwa nyaya za pikipiki ya zamani

Leva ya klachi ikiwa nzito, usikimbilie kufungua injini. Mara nyingi kilichokauka ni waya unaovutwa na leva hiyo. Na kabla hujatoa pesa ya kilainishi, sogeza kile kimpira cha kinga karibu na leva, utazame pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, yaani kile kipande cha chuma cha mwishoni kinachokaa kwenye leva. Ukikuta uzi hata mmoja umekatika, nunua waya mpya. Hakuna mafuta yanayoponya hapo. Vivyo hivyo kama ganda la nje limevunjika au limejikunja pembe.

Swali la pili: ndani ya ganda kuna nini? Pikipiki nyingi za zamani zina chuma kilichosokotwa tu, na chuma hicho kinataka mafuta. Nyaya za miaka ya karibuni huwa na bitana ya nailoni au Teflon, na watengenezaji wengine husema zisitiwe chochote. Pikipiki kuukuu inaweza kuwa imeshabadilishiwa waya, kwa hiyo hakikisha.

Kwa ganda lisilo na bitana, ya kwanza kwangu ni mafuta mepesi: ya cherehani, au hata ya injini ukiwa na subira. Bei yake ni rahisi, hupenya, na hukaa. Kazi yake tu ndiyo ya polepole. Chomoa ncha ya juu ya waya, ifungie kona ya mfuko wa nailoni kwa utepe iwe kama faneli, tia mafuta, uning'inize usiku kucha. Kwanza yatatoka meusi yenye kutu. Endelea kuongeza mpaka chini yadondoke masafi. Mafuta yasipotokea upande wa pili, hujalainisha kitu.

Ya pili ni dawa ya kopo iliyotengenezwa mahsusi kwa nyaya, pamoja na kibanio chake cha kufunga kwenye ncha ya waya ili dawa ipulizwe ndani. Ina kasi, na waya hubaki mahali pake; unachomoa ncha ya juu tu. Ila kibanio cha skrubu moja huvuja pembeni kikakurudishia dawa usoni. Chagua cha skrubu mbili, na ukifunge kitambaa.

Silikoni ya kupuliza naiweka ya tatu, lakini kwa waya wenye bitana ambao mtengenezaji ameruhusu ulainishwe, inapanda hadi ya kwanza. Usiielekeze kabisa kwenye breki wala tairi.

WD-40 ya kawaida ni ya nne. Inafukuza maji na kulegeza uchafu vizuri, kisha inatoweka mapema. Inunue kwa kuoshea, halafu fuatisha mafuta yenyewe. Wanaoishia hapo ndio wanaolalamika kwamba waya "umerudi kuwa mgumu".

Grisi ni ya mwisho kwa ndani ya ganda: haifiki katikati, na kwenye baridi inaganda. Dawa ya mnyororo ni mbaya zaidi, maana imeundwa kunata. Hata hivyo kikopo kidogo cha grisi kinunue, kwa ajili ya kichwa cha waya kwenye leva. Kichwa kikikwama, waya unajipinda kila unapobana, na hapo ndipo nyuzi hukatika. Waya wa spidomita nao unataka grisi kidogo kwa sababu unazunguka, ila sentimita kama 15 za juu ziache kavu, la sivyo itapanda hadi kwenye saa ya spidomita yenyewe.

Ukinunua waya mpya, linganisha urefu na vichwa na ule wa zamani, hasa kama usukani umewahi kubadilishwa. Vile vichwa vya kufunga kwa skrubu ni vya kukufikisha nyumbani tu.

Baada ya kurudisha kila kitu, rekebisha mlegeo, yaani mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta: kwa klachi za pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva, kwa eksileta 2 hadi 6, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. Washa injini bila gia, ukate usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda, waya wa eksileta umebanwa au umekazwa mno, usiondoke hivyo.