Vilima viwili vya York: Clifford's Tower na Baile Hill

Vilima hivi vya mji wa York ni udongo uliorundikwa kwa amri ya William wa Normandia, mfalme aliyeiteka Uingereza, mwaka 1068 na 1069, ili kuwadhibiti waasi wa kaskazini mwa Uingereza. Mto Ouse umevitenganisha. Kila kimoja kilibeba ngome ya mbao.

Clifford's Tower kina historia nzito. Mwaka 1190 Wayahudi wa mji, wapatao 150, walikimbilia humo wakizingirwa na umati. Wengi walijiua kuliko kujisalimisha, na mnara wa mbao ukateketea. Baadaye Mfalme Henry III akajenga wa mawe, nao mlipuko wa 1684 ukauacha gofu.

Baile Hill? Hakikujengewa mnara wa mawe. Leo ni miti tu, kando ya ukuta wa mji. Wageni wengi hukipita. Mimi ningeanzia hapo, maana umbo la kilima halijafunikwa na jengo.