Kayaki ya pedali, miaka mitatu kwenye chumvi ya Muscat

Ndugu zangu wa Unguja wakisikia bei ya kayaki yangu, la kwanza ni: hiyo plastiki itadumu? Inadumu. Naiburuta juu ya mchanga na mawe ya ufuko wa Qantab mara mbili kwa wiki, mwaka wa tatu huu, na tumbo lina mikwaruzo tu. Haitaki kalafati wala mafuta ya sifa kama ngalawa ya babu. Adui yake ni jua. Kiangazi kimoja niliiacha juu ya gari, mikanda imekazwa, joto limepita digrii 40, ikabonyea pale ilipolalia vyuma. Nililegeza mikanda, nikaigeuza tumbo juu, jua lilelile likairudisha karibu yote. Tangu siku hiyo inakaa kivulini.

Kinachochakaa ni mtambo wa miguu. Mapezi mawili yanayopepea chini ya chombo yaliletwa na Hobie, kampuni ya Marekani, mwaka 1997. Siku hizi wako wengine wanaoyatengeneza, na yangu ni ya hao wengine. Kila pedali ina mnyororo wake, na waya mmoja mwembamba unaziunganisha: ukikanyaga hii, ile inarudi. Mwaka wa pili waya ule ulikatika niko kilomita mbili nje, nguru wawili kwenye barafu. Pedali ikaenda mbele, ikabaki hukohuko. Nilirudi kwa kafi, saa nzima na nusu, upepo wa alasiri usoni. Nyumbani nikaona nyuzi za waya zilishaanza kulika zamani, pale unapozunguka kapi, mahali ambapo sikuwahi kupachungulia. Dukani waliniweka wiki sita kwa kipuri kinachoenea kiganjani. Hilo liliniuma kuliko kupiga kafi. Mtambo mzuri bila vipuri ni hasara, kwa hiyo ulizia waya kabla hujalipia chombo.

Sasa kila nikitoka baharini mtambo unaingia kwenye ndoo ya maji matamu dakika kumi, huku nazisukuma pedali kwa mkono mpaka mchanga utoke. Ukikauka, napulizia silikoni kidogo. Grisi nzito siweki, hushika mchanga ikawa kama msasa. Skrubu za mapezi nazikaza kila mwezi. Pini ya usukani ni ya plastiki makusudi, ivunjike yenyewe ukigonga mwamba, usukani upone. Mbili za akiba zinakaa kwenye kisanduku cha ndoana.

Ukinunua iliyotumika, usidanganywe na rangi. Tia mkono kwenye tundu linalopokea mtambo, papasa pembe zake zote, kisha matundu ya kutolea maji ambayo hubeba uzito ikiwa kwenye kigari. Ufa wa hapo huzibwa kwa kuyeyushia plastiki ya aina ileile, maana gundi haishiki polithini, plastiki ya kayaki hizi. Ukikuta gundi, mwachie mwenyewe.