Mpira wa tumboni au dripu ya mshipani: kipi huyalinda mapafu?

Mgonjwa mahututi asiyeweza kula hulishwa kwa njia mbili: mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, au lishe ya maji inayoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Watu wengi hudhani tofauti ni ya tumbo tu. Sivyo. Seli nyeupe hufundwa kwenye ukuta wa utumbo, kisha husafiri kwa damu hadi kwenye njia za hewa, ambako husaidia kutengeneza kingamwili za IgA zinazonasa vijidudu kabla havijashika. Panya waliolishwa kwa mshipa pekee walipungukiwa na IgA utumboni na hata kwenye njia za hewa. Utumbo ukikaa bila kazi, mapafu nayo hudhoofika! Mwaka 1992, utafiti wa Marekani kwa majeruhi wa tumbo ulionyesha kuwa waliolishwa kwa mpira walipata nimonia mara chache zaidi.

Hata hivyo, mpira una hatari yake: chakula kikipanda na kuingia mapafuni, nimonia hufuata, ndiyo maana kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2014 haukuona tofauti ya vifo wala ya maambukizi.

Mimi bado ningeanza na mpira, hata kwa kiasi kidogo. Lakini utumbo ukiwa umeziba, au shinikizo la damu likiwa limeporomoka vibaya, usilazimishe.